Uhaba wa Walimu wa Kiswahili Uganda: Maswali Tunayoulizwa Kila Muhula

Nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari wilayani Kasese, mwendo mfupi wa boda kutoka mpaka wa Kongo. Tangu Kiswahili kiwe somo la lazima, simu yangu haipumziki. Walimu wakuu wanatafuta mwalimu, vijana wanatafuta chuo, wazazi wanatafuta mtu wa kumlaumu. Nimeona niyaandike majibu mahali pamoja. Najibu kama mwalimu, si kama msemaji wa wizara, na palipo na maoni yangu mtayatambua kwa ukali wake.

Mbona uhaba huu umeonekana ghafla? Zamani hatukuusikia.

Zamani hamkuusikia kwa sababu somo lenyewe halikuwa la lazima. Shule isiyokuwa na mwalimu wa Kiswahili ilikaa bila Kiswahili na hakuna aliyeuliza.

Maamuzi yenyewe ni ya siku nyingi. Waraka wa serikali wa 1992 kuhusu elimu ulishasema Kiswahili kifundishwe shule za msingi na za sekondari. Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Septemba 2019 baraza la mawaziri liliridhia kuundwa kwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Februari 2020 ukaanza mtaala mpya wa sekondari ya chini, ambao kwa wanafunzi wa S1 na S2, yaani mwaka wa kwanza na wa pili wa sekondari, una masomo 11 ya lazima, Kiswahili kikiwamo. Na Julai 2022 baraza la mawaziri likasema somo hili liwe la lazima na litahiniwe, msingi na sekondari.

Hesabu tangu 1992 hadi 2022: miaka thelathini ya kuamua. Katika miaka hiyo kazi ya kuandaa walimu haikwenda kwa mwendo wa matamko. Waraka hutiwa saini asubuhi moja, lakini mwalimu mwenye shahada huchukua miaka mitatu au minne chuoni, na hiyo ni baada ya kumaliza S6.

Halafu mtaala ulikuwa haujatimiza miezi miwili shule zikafungwa kwa sababu ya korona. Zilifunguliwa kikamilifu tarehe 10 Januari 2022. Kwa karibu miaka miwili walimu wa shule binafsi walikaa bila mshahara. Wapo walioingia kwenye matofali, wapo waliochukua mkopo wakanunua pikipiki, wapo waliofungua duka la dawa za mifugo. Kengele ilipolia tena, si wote waliorudi.

Kasese, Arua, Busia, Bombo, kila mtu anaongea Kiswahili. Vipi tukose walimu?

Hili ndilo swali ninalolipenda, na ndilo linaloniudhi.

Ni kweli, siku ya soko pale Mpondwe, mpakani, utasikia Kiswahili kila kona. Mama wa samaki anauza kwa Kiswahili, mwenye gari la ndizi anatukana kwa Kiswahili, askari wa mpakani anauliza kitambulisho kwa Kiswahili. Ila kuongea lugha na kuifundisha ni kazi mbili. Kiswahili kinachovuka mpaka kutoka Beni na Butembo kina upatanisho wake wa ngeli, na mara nyingi ni mwepesi kuliko wa sanifu. Kile tulichokirithi kambini, cha jeshi na polisi, kimejaa amri: njoo, kaa, toa, lala chini. Mtoto anayetoka na Kiswahili hicho anajieleza vizuri tu, lakini mpe kifungu cha ufahamu, au mwambie akanushe sentensi katika wakati uliopita, uone jasho linavyomtoka.

Mwalimu anatakiwa aweze kueleza kwa nini tunasema «viti vyangu vimevunjika», na si «viti yangu imevunjika». Anatakiwa ajue kuandaa azimio la kazi na maandalio ya somo, kutunga mtihani, kusahihisha insha sabini bila kupoteza akili. Hayo hayapatikani sokoni.

Lakini upande wa pili wa jambo hili husahaulika. Wasemaji hao ndio hazina yetu. Kijana wa Bwera aliyekulia kwenye Kiswahili anahitaji kunolewa tu, wakati kijana asiyewahi kukisikia nyumbani anaanza na «hujambo». Kama mimi ningekuwa natafuta wa kuwapeleka chuoni, ningeanza na wilaya za mipakani na familia za Wanubi wa Bombo, wazao wa askari wa zamani kutoka Sudan. Bado sijaona mpango unaofanya hivyo kwa makusudi.

Mtoto wangu amemaliza S6 na anataka kufundisha Kiswahili. Apitie wapi?

Njia ya kawaida ni shahada ya sanaa pamoja na ualimu, ambako mwanafunzi huchukua masomo mawili ya kufundishia. Makerere na Kyambogo zote zinafundisha Kiswahili. Vyuo vingine navyo vinaongezeka, kwa hiyo kabla ya kulipa ada aulize mambo mawili: je, kozi imeidhinishwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE, na je, Kiswahili kimo kama somo kamili la kufundishia au ni kozi ya pembeni ya muhula mmoja? Nimewaona vijana waliogundua tofauti hiyo siku ya kuomba kazi.

Somo la pili achague kwa akili. Kiswahili na historia, Kiswahili na dini, Kiswahili na Kiingereza, yote yanakubalika, lakini mwalimu mkuu anapenda mtu atakayemzibia mapengo mawili. Shule nyingi za kwetu tayari zina walimu wa historia wa kutosha.

Na aliyesoma Kiswahili kama shahada ya lugha tu, bila ualimu, hajapotea. Ipo stashahada ya uzamili ya ualimu kwa watu kama yeye. Akiimaliza ndipo anaweza kusajiliwa kuwa mwalimu.

Neno kuhusu mazoezi ya kufundisha: asiende shule iliyo karibu na nyumbani kwa sababu ya chakula cha mama. Aende shule yenye mwalimu wa Kiswahili mzoefu. Wiki zile chache ukiwa chini ya mtu anayejua kazi zina uzito kuliko mihadhara ya mwaka mzima.

Vile vyuo vya Daraja la Tatu vimekwenda wapi? Mimi ndiko nilikotegemea kumpeleka binti yangu.

Sera ya Taifa ya Walimu ya 2019 ilibadilisha mambo: kiwango cha chini cha mwalimu, hata wa shule ya msingi, kiwe shahada. Zamani mtu alimaliza S4, akasoma chuo cha ualimu miaka miwili, akatoka na cheti cha Daraja la Tatu. Mlango huo unafungwa. Imeundwa taasisi ya taifa ya elimu ya walimu, UNITE, na vile vyuo vitano vya kitaifa vya Kabale, Kaliro, Mubende, Muni na Unyama vimewekwa chini yake.

Wazo ni zuri. Mtoto wa P1, darasa la kwanza la msingi, anahitaji mwalimu aliyeiva kuliko hata wa S6. Wasiwasi wangu ni wa hesabu: binti wa mkulima wa kahawa kule milimani alikuwa anaweza kulipiwa miaka miwili ya chuo kilicho karibu na kwao. Miaka mitatu au zaidi ya shahada, mbali na nyumbani, ni mzigo mwingine. Na akishaimaliza shahada hiyo, atakubali kurudi kwenye mshahara wa shule ya msingi? Anayetaka walimu wenye shahada aandae pia fedha za kuwalipa kama watu wenye shahada.

Ambao tayari wana Daraja la Tatu wanatakiwa kujiendeleza wakiwa kazini. Wengi husoma wakati wa likizo, kwa gharama zao.

Mimi ni mwalimu wa historia, nina kazi tayari. Naweza kugeukia Kiswahili?

Unaweza kukifundisha kesho, kwa sababu mwalimu mkuu wako atakupigia magoti. Kutambuliwa rasmi ni jambo jingine. Makaratasi yako yanasema historia, na siku ya kupandishwa cheo watasoma makaratasi.

Kama una lugha tayari, tafuta kozi ya chuo itakayokupa Kiswahili kama somo. Kama huna lugha, usijidanganye na mafunzo ya siku tano hotelini. Nimehudhuria hayo. Siku ya kwanza ni ufunguzi, ya tano ni vyeti na picha, katikati tunabaki na tatu. Mwenzangu mmoja alirudi darasani akawa anafundisha ukurasa mmoja mbele ya wanafunzi wake, na wale waliolelewa mpakani wakawa wanamsahihisha. Hakumaliza muhula. Aibu inafukuza walimu pia, hata kama hakuna ripoti inayoiandika.

Shule yetu haina mwalimu wa Kiswahili kabisa, na mtaani wapo wahitimu watatu hawana kazi. Kwa nini hawaajiriwi?

Hapa ndipo penye kiini cha mambo yote, naomba mnivumilie.

Watu wakisikia «uhaba wa walimu» wanafikiri walimu hawapo. Mara nyingi wapo. Kinachokosekana ni nafasi yenye mshahara. Shule ya serikali ina idadi yake ya walimu iliyoidhinishwa, na ndani ya idadi hiyo serikali inalipa kulingana na fungu la mishahara lililotengwa mwaka huo wa fedha. Mwalimu wa hisabati akistaafu, nafasi yake haijazwi siku hiyo. Mwalimu mkuu anaandika barua, barua inapanda, Wizara ya Utumishi wa Umma inathibitisha nafasi, fedha zinathibitishwa, ndipo tangazo linatoka.

Kwa sekondari, anayeajiri ni Tume ya Utumishi wa Elimu. Kwa shule za msingi, ni tume ya utumishi ya wilaya. Ukipita usaili unapata barua ya uteuzi, unapangiwa kituo, unaripoti, kisha unasubiri kuingia kwenye orodha ya mishahara. Kusubiri huko kumewavunja moyo wengi: mtu ameripoti, anafundisha, amepanga chumba, na mwezi unaisha simu haijalia.

Sasa fikiria somo jipya la lazima linaingia. Walimu wanahitajika katika kila shule kwa mpigo, lakini fungu la mishahara halikui kwa mpigo. Kwa hiyo shule inafanya inavyofanya siku zote: inamchukua yule mhitimu wa mtaani kama mwalimu wa bodi, analipwa na michango ya wazazi. Wazazi wakichelewa kulipa, naye anachelewa kula. Yule ndiye «uhaba» wenyewe, anatembea na vyeti vyake ndani ya bahasha ya kaki.

Chukua shule yenye mikondo minne S1 na minne S2. Ukitoa vipindi vitatu kwa wiki kwa kila mkondo, unapata vipindi 24. Mtu mmoja anaweza, kwa taabu. Lakini darasa lina wanafunzi sabini, mikondo minane ni daftari 560. Hapo bado hujagusa S3 na S4 waliochagua kuendelea. Shule ya namna hiyo inahitaji walimu wawili, na ukiuliza utaambiwa haijapewa nafasi hata moja.

Msitoe hela kwa mtu yeyote anayedai atawaingiza kwenye orodha. Wahitimu wangu wawili walipoteza fedha za kuuza ng'ombe kwa njia hiyo.

Mshahara ni kiasi gani hasa? Tuambie bila kuficha.

Kuanzia mwaka wa fedha wa 2022/23, mwalimu wa sayansi wa sekondari mwenye shahada alipandishwa hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, na mwenye diploma hadi milioni 3. Mwalimu wa sanaa mwenye shahada aliachwa kwenye milioni 1 na kidogo. Mwalimu wa kawaida wa shule ya msingi alikuwa karibu na laki tano.

Kiswahili kiko upande wa sanaa.

Basi serikali ilitangaza somo kuwa la lazima mwezi uleule ilipoanza kuwalipa walimu wa sayansi karibu mara nne ya walimu wa Kiswahili. Sina ugomvi na mwalimu wa fizikia, anastahili kila senti. Lakini tunakaa stafurumu moja, tunakunywa chai ya birika moja, tunaamka kusimamia prepu, masomo ya kujisomea ya wanafunzi, zamu kwa zamu. Juni 2022 chama cha walimu, UNATU, kiliitisha mgomo kwa sababu ya tofauti hiyo, na Juni 2025 walimu wa sanaa wa sekondari waliweka chaki chini tena.

Athari yake imeshafika madarasani. Mwanafunzi wa S4 mwenye kichwa kizuri cha lugha ananiambia, «Mwalimu, nitasoma baiolojia.» Namwelewa. Baba yake amepiga hesabu.

Si tulete tu walimu kutoka Kenya na Tanzania?

Shule binafsi za Kampala na miji mikubwa zimefanya hivyo miaka mingi, na Wakenya wengi wamefundisha vizuri. Uganda, Kenya na Rwanda zimefutiana ada za vibali vya kazi kwa raia wao, ingawa kibali chenyewe bado kinatakiwa, na mwalimu lazima asajiliwe hapa. Shule inayoweza kulipa inaweza kumleta.

Shule ya serikali kule Bundibugyo haiwezi. Na hata ingeweza, mgeni anafundisha lugha, lakini hataona kwa nini mtoto wa Kikonzo anakosea pale anapokosea. Mimi nawajua wangu: najua kosa gani linatoka Lhukonzo, lugha ya nyumbani kwao, lipi linatoka sokoni, na lipi ni uvivu.

Kuna kitu kimoja ambacho ningewaomba majirani badala ya walimu wa darasani, nacho ni wakufunzi. Mkufunzi mmoja mzuri wa Tanzania akikaa chuoni Kaliro au Muni miaka miwili, ataacha walimu nyuma yake.

Mimi ni mkimbizi kutoka Kongo, nilifundisha miaka tisa kule kwetu. Naweza kufundisha hapa?

Karibu, ndugu yangu. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inakupa haki ya kufanya kazi. Kizuizi ni vyeti. Vikiwa vya Kifaransa, vitafsiriwe na mtafsiri anayetambulika. Cheti cha sekondari kinalinganishwa na baraza la mitihani, UNEB, cha chuo kikuu na NCHE. Kuna ada, kuna safari ya Kampala, kuna kurudi wiki ijayo. Anayeishi Nakivale, Kyaka II au Kyangwali anajua safari hiyo inakula kiasi gani.

Wengi wanaanza kama wasaidizi wa darasa katika shule za makazi ya wakimbizi, wakiwatafsiria watoto wasioelewa Kiingereza. Kazi hizo hulipwa na mashirika, na mradi ukiisha kazi inaisha. Lakini usiidharau: unapata barua ya uzoefu, na Kiingereza chako kinapanda.

Nikiambiwa nchi haina wanaojua Kiswahili, huwa nawakumbuka watu hawa. Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, na miongoni mwa Wakongo wamo walimu wa kweli wanaolima nusu eka ya maharage huku shule ya ng'ambo ya barabara haina mtu wa somo lao. Kuwapa kozi fupi ya Kiswahili sanifu na ya mtaala wetu kungegharimu kidogo kuliko kumwandaa mtu kuanzia sifuri.

Kwa nini walimu wa Kiswahili wanaondoka hata wakishaajiriwa?

Mshahara nimeshausema. Sasa niseme yale ambayo hayasemwi.

La kwanza ni nyumba. Mwalimu anapangiwa shule iliyoko juu mlimani, anafika na begi, anaonyeshwa chumba kilichokuwa stoo ya maharage. Binti wa miaka 24 analala humo, choo kiko ng'ambo ya uwanja, na geti halina mlinzi. Muhula wa pili anaomba uhamisho, muhula wa tatu haonekani. Sisi tunaandika kwenye ripoti kwamba «ametoroka kazi».

La pili ni upweke wa somo. Mwalimu wa hisabati anao wenzake wanne. Mwalimu wa Kiswahili mara nyingi yuko peke yake, na anageuzwa mtu wa kila kitu: anatafsiri risala ya mgeni rasmi, anafundisha kwaya, anapewa Jumatano mchana baada ya riadha watoto wakiwa wamechoka. Hana wa kumuuliza kama jibu la mtihani ni hili au lile, wala wa kumshikia vipindi akiugua. Mkuu wa taaluma hajui Kiswahili, basi anakagua maandalio yake kwa kuangalia mwandiko.

La tatu ni vitabu. Wanafunzi sabini, nakala sita. Mwalimu ananakili kifungu kizima ubaoni, nusu ya kipindi imekwisha.

Yapo pia ya kawaida: mkopo wa benki unaomeza mshahara, mume aliyeko wilaya nyingine, kazi ya shirika huko Juba inayolipa dola. Wizara imeleta mfumo wa TELA wa kufuatilia mahudhurio kwa simu. Sawa, utoro upo. Utafiti wa Benki ya Dunia wa 2013 ulikuta takriban robo ya walimu wa shule za msingi hawapo shuleni siku walipotembelewa. Lakini simu inaweza kukuambia mwalimu hayupo. Haiwezi kukuambia kwamba anaishi kilomita kumi na mbili kutoka shuleni na mto umefurika.

Ile posho ya maeneo magumu kufikika bado ipo?

Mpango wake ulianza 2010: nyongeza ya asilimia 30 ya mshahara wa msingi kwa watumishi wa wilaya zilizoorodheshwa, kama zile za Karamoja na visiwa vya Kalangala. Muulize afisa utumishi wa wilaya kama kituo chako kimo, maana mji wa wilaya unaweza kuachwa nje wakati vijiji vyake vimo. Wanaoipata wanasema inasaidia kwa nauli ya boti. Kwa kujenga maisha, hapana.

Mimi ni mwalimu mkuu. Sina fedha. Nifanye nini mwaka huu?

Anza na chumba. Ukiwa na chumba kimoja chenye mlango unaofungwa, mpe mwalimu ambaye hana mwenzake wa somo, usimpe naibu wako mwenye nyumba mjini. Waombe wazazi mchanga, mawe na nguvu zao kabla ya kuwaomba fedha. Wazazi wa hapa kwetu wamejenga vyumba viwili hivyo, bati tu ndizo tulizonunua.

Kama kuna shule jirani yenye tatizo lako, zungumzeni. Walimu wawili wa shule mbili wakikutana kila Jumamosi ya pili kutunga mtihani pamoja na kugawana usahihishaji, upweke ule unapungua. Sisi tulianza watu watatu chini ya mwembe, sasa tunatoka shule saba na tuna kundi la WhatsApp ambalo saa nne usiku bado linabishana kuhusu ngeli.

Weka Kiswahili asubuhi walau mara moja kwa wiki. Haigharimu shilingi.

Na mwalimu wa bodi mlipe kabla hujalipa mchapishaji wa fulana za mahafali. Nasema hivyo nikiwa na shule fulani kichwani.

Wazazi wetu wanasema Kiswahili ni lugha ya wanajeshi na wezi. Tunawajibuje?

Wana sababu zao. Wazee waliokisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtu mwenye bunduki hawawezi kukisahau, na amri ya Idi Amin ya 1973 ya kukifanya lugha ya taifa haikukisaidia kupendwa. Kule Buganda mashaka hayo ni ya kale zaidi, tangu Gavana Gowers wa serikali ya Waingereza alipotaka kukieneza mwishoni mwa miaka ya 1920 na Kabaka Daudi Chwa, mfalme wa Buganda, akapinga. Msibishane nao. Waalikeni siku ya ushairi shuleni, wawasikilize wajukuu wao.

Na shule za msingi, lini?

Agizo la 2022 linazigusa, ila mwalimu wa madarasa ya chini hufundisha masomo yote ya darasa lake, na P1 hadi P3, tangu mtaala wa 2007, hufundishwa kwa lugha ya eneo. Kumtwika Kiswahili mwalimu wa Daraja la Tatu ambaye hakukisoma chuoni ni kumwonea yeye na watoto. Kwa maoni yangu tuanze P4 kwenda juu, katika wilaya zenye walimu, hata kama ni wilaya kumi tu.

Redio na simu haziwezi kuziba pengo?

Zinaweza kumsaidia mwalimu aliyepo. Wakati wa korona tulijaribu masomo ya redio. Mtoto wangu mwenyewe alisikiliza juma la kwanza, juma la pili betri zikaenda kwenye tochi.

Wewe mwenyewe mbona hukuondoka?

Nilikaribia. Nilikuwa na barua ya shirika moja, sanduku nimelifunga, na nimeshamuuzia fundi cherehani kitanda changu. Juma lile mwalimu mkuu akaniita, akanipa ufunguo wa nyumba ya vyumba viwili iliyoachwa na mstaafu, akaniambia muhula ujao anakuja mwalimu wa pili wa Kiswahili, binti kutoka Tororo. Nilikwenda kwa fundi kukirudisha kitanda. Alinidai elfu kumi zaidi.